Ndoa ya Pili ya Mustakim

Mustakim mfuma hariri alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na arubaini na mitano kati ya hiyo aliipitisha miguu ikiwa shimoni. Ndivyo tunavyofuma huku kwetu: kitanda cha kufumia huwekwa juu ya shimo, mfumaji akakaa ukingoni, miguu chini, mikono juu, uzi ukienda na kurudi tangu alfajiri hadi macho yakatae. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Msikitini alikuwa wa mwisho kusujudu na wa mwisho kuinuka, na watu walishamzoea. Hakuwa mtu wa maneno mengi pia. Sari zake zilivaliwa na mabibi harusi mpaka Banaras na kupita, lakini muulize habari ya sari yoyote, atakwambia, "Imekwisha," basi.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani waliyemfanyia yale. Hakuwa mkorofi. Wakorofi huku kwetu tunao, na hakuna aliyewagusa.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, Mubin, mdogo wake kwa miaka minne. Walizaliwa nyumba moja, wakaoa mwaka mmoja, wakafuma chumba kimoja, vitanda vyao vikitazamana. Katika ujana wake Mubin alikwenda Bombay miaka mitatu, akarudi na ndevu ndefu, suruali juu ya vifundo, na msikiti mwingine. Akawa anasali ng'ambo ya bwawa kwa Maulvi Zubair, imamu wa huko. Huko hawasomi maulidi, hawasimami kumsalia Mtume, hawasomi Fatiha juu ya chakula, na anayekwenda kuzuru makaburi ya mawalii humwita mwabudu makaburi. Sisi wa upande huu, wa Maulvi Irshad, tunayafanya yote hayo, na wao tunawaita watovu wa adabu kwa Mtume. Na mji wenyewe ni huu huu, ukiuvuka kwa miguu tambuu bado iko mdomoni.

Ndugu hao wawili walijenga ukuta katikati ya ua kwa sababu wake zao walizaa sana. Dini haikuhusika, na ukutani waliacha mlango. Walibishana kila siku, hilo ni kweli, lakini walibishana huku wakifuma.

"Kaka," Mubin alikuwa akisema, "maulidi yenu ya jana mlimaliza halua au mlimaliza dini?"

"Halua ilibaki. Dini uliibeba yote wewe ulipokwenda Bombay."

Kila nusu ya Shaabani, Sughra, mkewe Mustakim, alipika halua sufuria nzima. Kabla haijasomewa Fatiha alichota sahani moja akaipitisha mlangoni. "Shemeji, hii haijasomewa kitu. Kula, usije ukafa njaa na tauhidi yako."

"Mungu akulipe, shemeji. Na ile iliyosomewa ni tamu zaidi?"

"Muulize kaka yako, yeye hula zote mbili."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka ishirini na saba, mpaka kifua cha Mubin kilipoziba. Ni ugonjwa wetu huo, wafumaji wote twaujua, vumbi la uzi huingia halitoki. Ulikuwa mwezi wa ukungu, jua hatukuliona wiki nzima. Nuzhat, binti wa mwisho wa Mustakim, alikuwa amebakiza siku ishirini aolewe, na Mubin akiwa amelala akisikia kazi za harusi ng'ambo ya ukuta alimwita kaka yake.

"Harusi msiiahirishe."

"Hatutaiahirisha."

"Na mimi utanisalia?"

Ndugu wa kawaida haulizi swali kama hilo. Mustakim alijua kwa nini ameulizwa. Alisema, "Nitakusalia," na Jumanne asubuhi Mubin akafa.

Siku hiyo hiyo Maulvi Irshad alituma mtu kupita nyumba kwa nyumba upande wetu. Nendeni mkatoe pole, alisema. Jeneza kubebeni. Lakini mtu asisimame kusali nyuma ya Zubair, wala asimsalie mtu wa itikadi ile. Basi adhuhuri, katika kiwanja cha makaburi, ukungu umeshuka mpaka vilemba havionekani, watu wetu walijipanga pembeni mikono ndani ya mashuka, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Wengine walifuma na Mubin tangu utotoni. Ishirini na watatu hawakuweza kuvumilia, wakatoka pembeni wakaingia safuni. Mustakim alikuwa amesimama safu ya mbele tangu mwanzo.

Takbira nne. Hazikuzidi, hazikupungua, ni nne hizo hizo tunazosali sisi. Imamu alipotoa salamu, Mustakim aliinua mikono amwombee nduguye dua, maana sisi ndivyo tunavyofanya, na mtu wa upande ule aliyekuwa kuliani kwake akamnong'oneza, "Shusha mikono, mzee, hiyo bidaa." Hakuishusha. Alikuwa peke yake katika umati ule mwenye mikono juu, na pembeni kijana mmoja wa upande wetu alikuwa ameinua simu anapiga picha za video.

Maulvi Irshad si mtu wa kupiga kelele. Angekuwa mpiga kelele tungemzoea. Ana sauti ya upole, ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, na Ijumaa ile kwa sauti hiyo hiyo alisoma karatasi iliyotoka kwa mufti wa mji mkubwa. Aliyemsalia maiti wa itikadi ile, huku akiijua itikadi yake, ametoka katika imani. Atubu, atoe shahada upya. Na kwa kuwa imani ilivunjika, ndoa nayo imevunjika, aifunge upya. Akakunja karatasi, akatuombea amani. Jioni majina ishirini na manne yalikuwa yamebandikwa ukutani kwenye mgahawa wa chai, la Mustakim la kwanza.

Mwanzoni watu walicheka, nisiseme uongo. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulikuwa umejaa mabwana harusi wenye mvi. Mzee mmoja wa miaka sabini na sita alipofungishwa, wanawake walipiga kelele dirishani, "Bwana harusi hana meno, mloweke tende kwanza!" Mkewe, bibi kizee asiyesikia vizuri, aliuliza kwani yule wa zamani amekufa lini. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Jumatano waliokuwa bado hawajafunga upya walibaki watano, Alhamisi wawili, na Ijumaa ya pili akabaki Mustakim, na kicheko kikaisha.

Maulvi Irshad alimfuata chumbani kwake. Akakaa kwenye kitanda cha kufumia cha Mubin bila kujua, au kwa kujua, Mungu ndiye ajuaye.

"Mustakim, ni dakika tano tu. Wenzako wote wamemaliza."

"Maulana, nikitubu kwa kumsalia ndugu yangu, nitakuwa nimesema yeye alikuwa nani?"

"Alikuwa alivyokuwa. Wewe jiokoe."

"Nimeuliza alikuwa nani."

"Jibu unalijua." Akamshika bega kwa huruma kabisa. "Unaishi na mwanamke asiye mkeo, mzee wangu. Kila siku unayochelewa inaandikwa."

Tangu siku hiyo mambo yalianza kumzunguka kimya kimya. Alitoa salamu njiani, wasiomwitikia wakajifanya wanakohoa. Kinyozi wake wa miaka ishirini alisema mkono unamuuma, naye wakati huo huo wembe uko shavuni kwa mtu. Msikitini nafasi za kulia na kushoto kwake zilibaki wazi, na magoti yale mabovu yakawa yanaonekana na kila mtu. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Kila alfajiri mlango wake ulikutwa umeandikwa kwa chaki neno moja, ZINAA, na Nuzhat akawa anawahi kuamka ili alifute kabla baba yake hajatoka kwenda kusali. Binti wa watu, hina bado haijamgusa, anaanza siku kwa kufuta neno lile.

Naushad, mdogo wake Sughra, alikuja kumchukua dada yake. Alisimama uani, hakutaka hata kukaa.

"Dada, funga mzigo. Hapa si kwako tena mpaka afanye alivyoambiwa."

"Mzigo gani? Nyumba hii yote ni mzigo wangu. Una gari la kuibeba?"

"Watu wanasema."

"Watu walisema pia wewe hutapata mke, ukapata. Kunywa chai uondoke."

Akanywa, akaondoka. Lakini Sughra alipobaki peke yake na mumewe hakuwa na ulimi ule. Alisema, "Baba Nuzhat, mimi sitakwambia katubu, wala sitakwambia usitubu. Lakini mtoto anafuta mlango kila alfajiri, na wewe unadhani ni umande."

Mustakim hakuwa amejua. Alikwenda akautazama mlango, akaona ubao ulivyopauka pale katikati kwa kusuguliwa.

Ndipo akaja Fayaz, baba wa bwana harusi. Alikuja na kikapu cha mapera, akaongea habari za ukungu na bei ya uzi, mtu mstaarabu. Mwisho akasema, "Mustakim bhai, mimi na wewe hatuna ugomvi. Hata hayo mambo ya wanazuoni mimi siyajui. Lakini ndoa ya watoto ataifungisha Maulvi Irshad, naye amesema haingii nyumba hii. Msafara wa harusi nitauletaje? Funika kombe, ndugu yangu, mwanaharamu apite. Nipe jibu Ijumaa." Alipoondoka hakusahau kumpa Nuzhat pera moja mkononi, na hilo lilimuumiza Mustakim kuliko maneno yote.

Hapo ndipo lilipokuja lile jambo la umoja.

Habari za ndoa zetu zilikuwa zimefika mji mkubwa, watu wa serikali wakauliza maswali, na wakubwa wa pande zote mbili wakaona aibu. Wakaitisha mkutano Jumatano katika uwanja wa shule, na kitambaa kirefu cha kijani kikafungwa jukwaani: UMMA MMOJA. Mustakim alivaa kanzu ya Idi. Sughra alimwona akijipaka manukato akamuuliza unakwenda wapi, akasema, "Wanapatana leo." Alitembea haraka, magoti na yote.

Na kweli walipatana. Maulvi Irshad na Maulvi Zubair, watu ambao kwa miaka kumi na mitano hawakuwahi kuitikiana salamu, walikumbatiana jukwaani mbele ya kila mtu. Mola mmoja, walisema. Kibla kimoja. Kamba moja, tuishike sote. Zubair alisoma aya, Irshad akalia, Zubair akamfuta machozi kwa ncha ya kilemba chake. Wazee walilia. Mimi mwenyewe nililia, na ninajionea haya mpaka leo. Mustakim alilia kuliko wote, akasimama katikati ya watu waliokaa, yeye asiyewahi kusema neno hadharani.

"Basi na ndugu yangu?"

Kipaza sauti kilivuma kidogo. Watu wakageuka.

"Kama umma ni mmoja," alisema Mustakim, "ndugu yangu alikufa Mwislamu. Semeni tu hivyo. Mmoja wenu aseme."

Maulvi Zubair alimtazama Irshad, akasema kwa heshima, "Hayo ni mambo ya ndani ya wenzetu. Umoja ni kutoingiliana." Naye Irshad akasema kwa ile sauti yake, "Mzee wangu, leo ni siku ya furaha. Usituletee fitina." Watu waliokuwa karibu wakamvuta nguo akae.

Kisha wakasoma mapatano. Kila upande utazika watu wake. Mtu wa huku hatakwenda kusali kule, wala wa kule huku, ili ugomvi usitokee tena. Makaburini utajengwa ukuta, na gharama watagawana nusu kwa nusu. Uwanja mzima ukapiga takbira. Ikaadhiniwa alasiri, na watu wakagawanyika hapo hapo kwenye uwanja wa shule, safu za Irshad mashariki, safu za Zubair magharibi, maimamu wawili wanapokezana "Allahu akbar" kama wachuuzi wawili wa soko moja. Mustakim alibaki katikati, penye viatu. Wahenga walisema ndugu wakipatana chukua kapu ukavune. Siku ile walipatana, na aliyevunwa ni yeye.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kitanda chake, miguu shimoni, asifume. Nuzhat alimletea chai. Alimtazama binti yake muda mrefu, akamwambia, "Mwambie mama yako ndoa ni Ijumaa."

Sasa kuna kanuni moja, na Maulvi Irshad ni mtu wa kanuni. Dhambi ya siri hutubiwa kwa siri, na dhambi ya hadharani hutubiwa hadharani. Mustakim alisali safu ya mbele, dunia nzima imemwona kwenye simu. Kwa hiyo alipewa kipaza sauti. Msikiti wetu una tarumbeta nne za kupaza sauti juu ya mnara, na ile ya kusini inaelekea nyumba ya Mustakim na, ng'ambo ya ukuta, nyumba ya marehemu Mubin, ambako mjane wake Raisa alikuwa ndani ya eda, haruhusiwi kutoka.

Maulvi alitamka kipande kipande, naye akafuatisha.

"Mimi Mustakim bin Abdulghani."

"Mimi Mustakim bin Abdulghani."

"Natubu kwa kumsalia Mubin bin Abdulghani."

Akasema.

"Ambaye alikufa nje ya imani."

Mji ulisikia tarumbeta zikinguruma bila neno. Muuza chai alizima redio yake. Tulisikia Mustakim akivuta pumzi, tukasikia mtu akimwambia, "Sema tu, baba, tumalize," kisha tukasikia akisema. Alisema mara moja, kwa sauti ndogo, na vyombo vile vikaifanya kubwa. Watu msikitini wakasema alhamdulillahi.

Alipofika nyumbani na watu kumi na wawili nyuma yake, uani palikuwa kimya. Tangu Mubin afe, kule ng'ambo ya ukuta palikuwa pakisomwa Kurani mchana kutwa. Sasa hapakusomwa kitu.

Shuka lilikuwa limetundikwa mlangoni, Sughra yuko nyuma yake, na wanaume wakakaa ubarazani, sahani ya tende kavu katikati. Fayaz alikuwapo, uso umemkunjuka, ameshaagiza farasi wa bwana harusi kwa Jumapili. Naushad ndiye aliyefanywa wakili. Alikwenda kwenye shuka na mashahidi wawili, akiona haya kidogo, akasema, "Sughra binti Rahmatullah, umekubali kuolewa na Mustakim bin Abdulghani kwa mahari ya rupia elfu moja na mia moja?"

Kimya.

Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Kimya.

"Kimya ndiyo idhini," mzee mmoja alisema, akinyoosha mkono kwenye tende.

"Hiyo ni kwa mwanamwali," alisema Maulvi Irshad, ambaye hakosei katika mambo haya. "Huyu amewahi kuolewa. Lazima atamke. Asipotamka, hakuna ndoa."

Mkono wa mzee ukarudi. Ikawapambazukia wote kwa pamoja, nadhani, kwamba karatasi yao ya mufti ilikuwa imemweka mwanamke yule huru, na kwamba katika ubaraza mzima hakuna aliyekuwa na amri juu ya ulimi wake. Fayaz alianza kukohoa. Mustakim alikuwa ametazama chini, mikono juu ya yale magoti, na jasho likimtoka katika baridi ile.

"Mwiteni yeye," ilisema sauti ya Sughra.

"Nani?"

"Huyo anayetaka kunioa."

Mustakim aliinuka kwa shida, akaenda akapiga magoti kwenye shuka. Naushad na mashahidi wakasogea nyuma. Aliona miguu ya mkewe chini ya pindo, vidole vina manjano ya jikoni, manjano ya harusi ya Nuzhat. Alidhani atamlaumu. Alikuwa tayari kulaumiwa. Lakini Sughra aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza jambo asilolijua na anayetaka kulijua.

"Baba Nuzhat, siku nikifa mimi, wakija wakakwambia na mimi nimekufa nje ya imani, utasema nini?"

Mustakim aliendelea kuvitazama vile vidole. Nyuma yake watu walikuwa wanangoja, na ng'ambo ya ukuta pia, sijui, huenda Raisa alikuwa anasikiliza. Sughra alimpa muda. Alimpa muda wa kutosha kabisa. Kisha akavuta pumzi, akapaza sauti, ikasikika mpaka barabarani.

"Nimekubali."

"Mashaallah!" wakasema wote mara moja, kwa haraka ya watu waliokuwa wamebana pumzi. Maulvi Irshad akasoma hotuba, akamfungisha, akasoma dua, tende zikagawiwa. Walimwinua Mustakim kutoka pale alipokuwa bado amepiga magoti, wakamkumbatia mmoja mmoja, Fayaz akambusu mashavu yote mawili. Mtu mmoja akamtia tende mdomoni, naye Mustakim akaanza kutafuna.